Kwa Baba Neema, Baada ya Kurudi Kambini Mtoni

Baba Neema mpenzi,

Wewe umekaa barazani hapa kwetu Maisaka, Babati, mimi niko mezani ndani, na mlango uko wazi nakuona. Hata hivyo nakuandikia kama mtu aliye mbali, maana ndivyo ulivyo. Ugonjwa huu wa kusahau umekuchukua kidogo kidogo, ukaniachia koti lako na kikohozi chako.

Asubuhi moja mwezi uliopita ulisimama mlangoni ukaniamkia, "Shikamoo, mama." Mimi, mkeo. Nikaitikia marahaba, maana salamu haiachwi hewani, halafu nikaenda jikoni kulia. Ukanifuata, ukauliza kwa adabu zako zote, "Samahani, wewe ni mama nani?" Jina la Mama Neema ulinipa wewe binti yetu alipozaliwa, na tangu hapo hukuniita kwa jingine.

Ndipo nikamwomba Neema atukodie gari nikupeleke kule mtoni. Nilijiambia, kama kuna mahali utakaponikumbuka, ni pale.

Tulikuwa bado vijana. Karakana yako ya Bonga ilikuwa na paa nusu. Ukaitwa kwenye kambi ya watalii kando ya mto, karibu na geti la hifadhi ya Tarangire, kutengeneza gari la wazee wawili wa Kizungu, lile lenye vitanda na jiko ndani. Giaboksi ilikuwa imekufa na spea ilingojwa kutoka ng'ambo. Wenyewe wakarudi kwao, wakakuomba ulale humo ulilinde. Ukaja mbio Babati. "Mama Neema, twende ukaishi kwenye nyumba yenye matairi." Mtoto tukamwacha kwa bibi yake.

Fungate hatukuwahi kuwa nayo, tulioana katikati ya palizi. Kumbe ilikuwa inatungoja kule. Mchana nilikaa tu kwenye kiti cha kukunja, natazama tembo wakivuka, na wewe ndiye uliyepika. Ugali wako ulikuwa na mabonge. Niliumaliza, nikakusifia, na ukaamini.

Halafu zile ndizi. Pale kambini kila mtu anajua kwamba tunda halilali ndani ya gari, tembo analinusa. Wewe ukaficha mkungu mzima wa ndizi mbivu chini ya kitanda, eti unishangaze asubuhi. Alfajiri gari likaanza kuyumba, sufuria zikaanguka, mkonga ukaingia dirishani. Ukanikumbatia ukininong'oneza, "Usimwambie Baba Zuhura." Lakini dirisha lililovunjika halifichiki. Baba Zuhura, msimamizi wa kambi, alikuja akatazama vioo chini, akasema, "Fundi, gari unalijua, tembo humjui." Tulicheka miaka na miaka kwa maneno hayo.

Basi juzi tukarudi. Mto umekauka, tembo wamechimbua mchanga wakitafuta maji, na anga lilikuwa jeupe bila dalili ya mvua. Baba Zuhura bado yupo, mvi tupu. Ukamtambua. Ukamshika mkono ukamuuliza, "Baba Zuhura, ile giaboksi ilikaa?" Nikasogea karibu kwa matumaini. Ukamweleza namna ulivyoifungua na namna ulivyoirudisha, na mikono yako ilikuwa inaonyesha hewani. Akafurahi, akanielekezea kidole. "Na huyu je, fundi?"

Ukanitazama. "Huyu ni mama mmoja msamaria," ukasema. "Amenipa lifti."

Baba Zuhura akainamisha uso. Nami sitakuficha, nilimwonea wivu mzee wa watu. Niliionea wivu hata giaboksi. Mimi niliyekuzalia, niliyekukanda ulipovunjika mguu, niliyejua kwa kishindo cha hatua zako kama leo kazi ilipatikana au la, nimekuwa mwenye gari. Nilitamani kukutikisa mabega mbele za watu.

Watu wa kambi wakatuandalia wali na maharage chini ya turubai. Nilikaa nikikutazama wewe tu. Wewe ulionja mara moja ukaisogeza sahani, ukawa unasimama na kukaa, unatazama barabara. Nilidhani umechoka. Mwisho ukaniinamia ili wengine wasisikie.

"Mama, samahani sana. Chakula chako ni kizuri, ila naomba unirudishe nyumbani. Mke wangu hali mpaka nifike."

Nikaitazama sahani yangu, sikuwa nimeigusa. Nikafuta uso kwa khanga, nikakushika mkono.

"Basi twende, baba," nikakuambia. "Asikae na njaa."

Uwe salama huko uliko, mume wangu. Mimi nipo nyumbani.

Mkeo,
Mama Neema