Supu ya mwani ya Gitae

Seorin, uko wapi? Nimefanya ujinga.

Unajua nilivyokwama kwenye riwaya yangu, vipi mke ampende mumewe na bado msomaji amwogope mke huyo. Leo asubuhi nikapata jibu, nikaliandika, nikalibandika kwenye friji: "Sumu iingie kwenye supu ya mwani, siku yake ya kuzaliwa. Asishuku."

Halafu nikampikia Gitae supu ya mwani, kama kila mwaka. Leo ni siku yake ya kuzaliwa, Seorin.

Kumbe aliisoma ile karatasi alipofuata kimchi, kabichi yake ya kuchachusha, kwenye friji. Mimi sina habari. Akakaa, akala. Akala yote, mpaka akainua bakuli akanywa mchuzi.

Ndipo akaniuliza taratibu, "Mke wangu, nimekukosea nini?"

Nimemwonyesha riwaya, sasa anacheka. Mimi siwezi. Alimaliza bakuli kwanza, Seorin, ndipo akauliza.