Sufuria Bila Kifuniko

Jumapili, 7 Septemba 2025

Baada ya misa, kwa kaka yangu Jean-Claude. Amenikalisha kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Nina miaka arobaini na tatu. Diplôme d'État yangu ya bio-chimie, cheti cha kumaliza sekondari, imelala sandukuni tangu 2001, mwaka baba alipotolewa kazi ya reli na ada ikakosekana. Nimesema sasa nataka licence, digrii ya kwanza, ya mtandaoni, kwa simu hii hii. Kumbe ameshanichagulia! Gestion, usimamizi wa biashara. Chuo fulani cha ng'ambo, miezi sita, hakuna mtihani.

"Dada, gestion njo inapatisha muntu kazi ya bureau. Chakula, we uko najua tayari. Utaenda kujifunza nini? Kuchemsha mayi?"

Maji! Mezani wote wamecheka. Nimecheka pia, lakini imenichoma. Mwaka wa kumi na mbili huu napika malewa, chakula cha kibandani, mtaani Bel-Air, kando ya maegesho ya malori, madereva thelathini kila adhuhuri. Kwamba najua kupika, mji mzima unajua. Kwamba kwenye kemia nilikuwa wa kwanza darasani, kaka yangu amesahau.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepigia simu chuo cha Jean-Claude. Nimeuliza: Serikali yetu inaitambua diploma yenu? Kijana akajibu kwamba joho na kofia vinaletwa hadi nyumbani. Nikauliza tena. Akataka kujua ukubwa wa kichwa changu! Nimekata.

Kuna kingine, chuo kikuu cha Kinshasa. Lishe. Miaka mitatu. Masomo yamerekodiwa, unasikiliza ukipata nafasi, na labo, mazoezi ya maabara, mara mbili kwa mwaka hapahapa Lubumbashi. Hawakuniahidi kofia.

Jumanne, 9 Septemba

Saa tisa alasiri. Masufuria yameoshwa, Estelle anasinzia kwenye kiti. Ni mwenzangu wa jikoni tangu siku ya kwanza, na usingizi wake hauna haya. Nimefungua somo la majaribio la kile chuo cha Kinshasa. Mwalimu ni mama wa makamo, miwani puani, sauti ya mtu asiyeogopa mtu. Somo: muhogo.

Mungu wangu!

Kwamba mna sumu ndani, kila mtu wa kwetu anajua. Lakini kwa nini uloweke siku tatu, si moja? Kwa nini sombe, majani yake, itwangwe kwanza? Amechora. Jani likipondwa, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana vinakutana, sumu inafunguka, inageuka hewa, inatoka na mvuke. Inatoka! Ndiyo maana mwanzoni sufuria haifunikwi.

Nikiwa na miaka minane, kijijini Kasomeno, bibi yangu, kambo Chola, alinipiga na mwiko kwa sababu nilifunika sombe. "Ikianza kuchemka usiifunike. Uache ipumue." Sikuuliza. Nimetii miaka thelathini na mitano! Kambo hakujua kuandika hata jina lake, na kemia yote ile alikuwa nayo mikononi. Wakati ule wote nilikuwa nimekaa karibu yake, namenya muhogo, najiona sina shule, kumbe shule ndiyo ile. Nimelia kidogo, tuseme ukweli.

Nimemwamsha Estelle nimuulize: Unajua ju ya nini hatufunikake sombe?

"Ju kambo yako alikatala." Amelala tena.

Mimi nimechagua. Nimewatumia Kinshasa dossier, karatasi zangu zote, kwa simu.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamejibu! Dossier ni nzuri, imebaki entretien, mahojiano kwa video. Jumamosi, 11h00, heure de Kinshasa. Nafasi ni moja tu iliyobaki. Asiyeonekana, inakwenda kwa mwingine.

Saa tano! Ni kama waliniuliza kwanza. Madereva huingia saa sita kamili. Nimeandika 11H ukutani kwa mkaa, kubwa. Jean-Claude amepiga simu kuniita Docteur wa kuchemsha mayi. Nimekata, nilikuwa na furaha mno.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimesuka nywele. Nimepiga pasi blauzi nyeupe ya kwaya.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa tano kasoro tano. Niko nyuma ya kibanda, juu ya kreti ya bia, simu imeegemea bidoni ya maji. Blauzi ya kwaya juu, kitenge cha jikoni chini. Hawataona. Skrini inasema nimngoje mwenye mkutano.

Saa tano na robo. Nangoja.

Saa tano na nusu. Nimesoma ujumbe upya. Heure de Kinshasa, saa za kwao! Wako nyuma yetu saa moja! Nilifundishwa shule ya msingi, na sisi wa hapa tunawacheka kila siku kwamba jua linawafikia likiwa limetumika. Mjinga mimi! Saa tano yao ni saa sita yetu. Na saa sita ni kusonga ugali, bukari ya watu thelathini, mikono minne inatosha kwa shida, miwili haitoshi.

Nimemwambia Estelle basi, nazima simu, haikuwa yangu.

"Zima, nitakupiga na ule mwiko ya kambo yako. Ikala pale!"

Nimekaa.

Saa sita kasoro tano. Wameingia. Buti, viti vya plastiki, vicheko. Mapalo, dereva mwenye sauti kuliko honi yake, anauliza mama iko wapi. Estelle amewajibu wote.

"Mama iko mu examen. Mwenye kuongea, hakule."

Miaka kumi na miwili nawaomba wapunguze sauti! Sasa sisikii hata kijiko. Nimechungulia. Mapalo amevua kofia kama yuko kanisani. Mwenzake amekunja mikono ya shati, anasonga bukari na Estelle. Dereva, anasonga! Sikujua kwamba watu hawa wananipenda.

Saa sita. Skrini imewaka. Ni yeye, yule mama wa miwani! Amesema dakika moja, mama, anatafuta dossier yangu. Nasikia karatasi zake, kule Kinshasa. Huku nyuma inasikika sombe tu, sufuria ya pili ya Estelle, imeanza kuchemka, bila kifuniko.

Naye ameisikia. Ameinua kichwa. Anauliza ni nini kinachochemka huko. Nimemjibu: sombe, mama, na najua kwa nini haina kifuniko.