Sista Alisema Tusome

Dada Mwende, Bwana asifiwe huko Masinga.

Nimechoka, dada. Kumuuguza kaka yetu Mutua hapa Machakos kumenimaliza, hata muthokoi, mahindi na maharagwe niyapendayo, haina ladha. Usiku naogopa TB yake imeniingia, nisiweze kumbeba tena mjukuu wangu.

Kliniki walinidunga sindano ya kupima TB mkononi, sista muuguzi akasema, "Rudi keshokutwa tusome." Nami nikaenda na miwani na Biblia! Alicheka hadi akashika meza. "Mama, tunasoma mkono, si Neno."

Mkono ulikuwa umevimba pale pa sindano. Nikaanza kulia.

"Tulia," akaniambia baada ya kunipeleka kupigwa picha ya kifua. "Mwili wako ulishakutana na TB na unaikumbuka, kama mbwa anayebweka akisikia harufu ya mwizi aliyewahi kupita. Lakini picha ya kifua ni safi. Wewe si mgonjwa, huwezi kumwambukiza mtu. Utameza dawa ili TB iliyolala mwilini isije ikaamka."

Hebu fikiria, mimi niliyeachia darasa la sita, mwili wangu hausahau!

Mwambie binti yangu Ndinda asimfiche mtoto nikifika. Nitambeba kwa mkono huu huu uliosomwa.

Mungu akulalishe salama, dada. Mimi wako,
Mueni