Risasi Arobaini na Tisa za Shemeji

MAELEZO YA SHAHIDI
Lalamiko: Kuzuiliwa kwa risasi 49, mali ya Reijo Heikura
Jina: Tyyne Heikura
Umri: Miaka 67
Kazi: Mstaafu, zamani msambaza barua
Makazi: Kijiji cha Korpijoki, Kainuu, Finland

Mimi ni mjane wa Martti Heikura. Mlalamikaji, Reijo, ni mdogo wake, yaani shemeji yangu. Nyumba zetu zinatazamana na hatujawahi kununiana zaidi ya siku mbili.

Mnamo tarehe 30 Agosti 2025, saa 3:10 asubuhi, nilikuwa uwanja wa shabaha wa kijiji nikiandika matokeo ya mtihani wa wawindaji. Msimamizi alikuwa Ensio Lukkari. Ulikuwa mtihani wa mwisho kabla ya msimu wa hirvi, yule paa mkubwa kuliko farasi, unaoanza Jumatatu. Asiyetia risasi nne kwenye picha ya mnyama haingii msituni. Reijo hajakosa msimu hata mmoja kwa miaka arobaini na moja.

Reijo hanunui risasi za dukani, hununua baruti na kujaza zake mwenyewe. Mimi pia hujaza zangu, Martti alinifundisha. Saa 3:25 Reijo alipiga ya kwanza. Mlio ulikuwa mkali kupita kawaida, na kahawa yangu ilimwagika mezani. Kisha kifungio cha bunduki kikakataa kufunguka. Alikigonga kwa kiganja, akasema ni baridi. Jua lilikuwa linawaka.

Nilikwenda kwenye sanduku lake la mbao la risasi. Reijo ni mkweli. Kila sanduku hulibandika karatasi yenye aina ya baruti na uzito wake. Uzito ulikuwa ule ule wa tangu enzi za Martti. Baruti ilikuwa nyingine.

Nilimuuliza, "Shemeji, baruti yako ya siku zote iko wapi?"

"Madukani haipo tangu Pasaka. Nimepata kopo jingine. Punje zile zile, rangi ile ile."

"Ulirudi kwenye kitabu cha vipimo?"

"Kitabu cha nini? Mimi najaza risasi tangu wewe unaendesha baiskeli ya posta."

Nilimwambia kila baruti huungua kwa kasi yake, na ukibadilisha baruti kipimo cha zamani hakifai tena. Alijibu kuwa amebakiza tatu tu za mtihani, kisha akaomba nyundo ya kufungulia bunduki. Nilifunga sanduku, nikalikalia.

"Inuka, Tyyne."

"Siinuki."

"Huo ni wizi."

"Basi ita polisi."

Aliwaita saa 3:35. Gari la karibu lilikuwa umbali wa kilomita tisini. Watu waliniletea soseji na kahawa palepale nilipokaa. Mmoja aliuliza mayai yataanguliwa lini. Reijo aliwaambia, "Msimlishe, njaa itamwinua." Ensio alicheka hadi akavua miwani.

Saa 4:20 Ensio alifaulu kuifungua ile bunduki. Ganda la shaba lilikuwa limevimba. Fataki ya kitakoni, ile inayowasha baruti, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na tundu jeusi. Reijo alilishika ganda lile muda mrefu. Kisha alikuja akaketi nyasini kando yangu.

"Ya pili ingenijia usoni," alisema.

"Ndiyo."

"Martti angenizaba kofi."

"Mawili."

Sikuinuka. Nilimwonyesha kwa kidole bunduki ya Martti, ambayo sasa iko kwenye kibali changu, pamoja na risasi nne nilizojaza mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Reijo kupiga risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Zote nne ziliingia penye moyo wa mnyama. Niliandika matokeo, ila mwandiko wa mstari huo si mzuri.

Konstebo alifika saa 4:45, watu wakiwa bado wanapiga makofi. Reijo alimwambia, "Pole kwa safari, afande. Mwizi ni huyu, na naomba mniachie, Jumatatu tunawinda naye." Nilimkabidhi konstebo sanduku, ndipo nikainuka.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyakalia kwa saa moja na dakika kumi. Ni ya kweli.

Saini: T. Heikura

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami kituoni, saa 8:15 mchana. Mlalamikaji ameondoa lalamiko na ameomba risasi 49 ziharibiwe. Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali. Alipewa kiti, akakataa. Ametia saini akiwa amesimama.
Konstebo M. Piirainen