Uligonga Kila Ukuta Kabla Sijalala

Kaka yangu Nyaga, huko Juba uliko,

Mama anakusalimu, na mvua imenyesha vizuri kwetu nyumbani Kanja. Hayo ungeyapata kwa simu. Ninayotaka kukuambia leo siyawezi kwa simu, maana ukisikia sauti yangu inatetemeka utaanza utani wako, na mimi nitanyamaza tena.

Juzi nilipita mitaa yote niliyokaa nikisoma chuo hapa Embu. Mtu akisikia "karibu na chuo" anadhani ni mahali pamoja. Wapi! Kule chini kwenye mabati, tulikoanzia, udongo mwekundu ulimaliza viatu vyangu, na wauza muguka, yale majani ya kutafuna, walijua jina langu kabla ya walimu. Ukipanda kidogo unakuta vyumba vya mawe, kwaya inafanya mazoezi ukuta kwa ukuta na bucha. Ukifika juu, mkabala na geti la chuo, ni vigae, maduka ya fotokopi, na wasichana wanaonukia manukato saa mbili asubuhi. Dakika kumi tu kwa miguu, na ni dunia tatu.

Kila nilipohama ulikuja na godoro langu kichwani. Kabla ya kulitua uligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, ukatega sikio, ukaukwaruza kwa ufunguo, kisha ukatoka nje kutazama maji ya mvua yanapita wapi. Ile nyumba ya samawati niliyoipenda uliikataa papo hapo: "Hii ukuta iko na mchanga mingi kuliko simiti. Hapa hulali." Mwenye nyumba akanuna, mimi nikaona haya. Lakini jameni, ulijuaje? Uliacha shule darasa la nane ili mimi niendelee, na vitabu vyangu vinene havikunifundisha kusikiliza ukuta. Ulinionyesha jengo baada ya jengo: hili msingi wake ulichimba wewe, lile liko juu ya chemchemi. Nilikutazama mdomo wazi.

Halafu nikaota pembe. Mwaka wa tatu nilijichagulia chumba cha vigae kule juu na rafiki zangu wawili. Ulikuja na ovaroli imejaa simiti, ukagonga, ukatikisa kichwa. Mmoja wao akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikajibu, "Ni fundi tu. Nimemwita aangalie mfereji wa maji."

Ulinitazama mara moja. Ukainama, ukakaza mfereji ambao haukuwa na shida yoyote, ukaenda zako.

Mvua za Aprili zilipochacha, nilitoka darasani nikakuta wapangaji wote nje. Ukuta wetu ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, mkono mzima ungeingia. Nawe ulikuwa ndani na wenzako watatu wa kazi ya mjengo, mmeegemeza dari kwa miti, mnatoa vitu vya wanafunzi. Mlinzi akaniambia hakuna aliyekuita. Alisema ulikuwa ukipita kila jioni kutazama ufa mdogo ulioanza kwenye ukuta wetu, na siku hiyo uligonga milango yote watu watoke. Hakuna hata mmoja aliyeumia.

Rafiki yangu akakuuliza, "Kwani mnajuana na Wawira?"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kusema. Wewe ukaniwahi: "Hapana. Mimi ni fundi tu."

Uliniokoa mara mbili siku hiyo, kwanza vitu vyangu, kisha uso wangu, na hiyo ya pili ndiyo inayonichoma mpaka leo. Mwezi uliofuata ukaenda Juba. Sasa ni miaka sita, hata Krismasi huji. Mama anadhani ni kazi. Mimi najua.

Siku hizi nafundisha, na nimepanga kule kwenye vyumba vya mawe. Jumapili iliyopita mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, nilisimama. Mmoja wa wale rafiki alikuwa ameketi safu ya pili. Nikasema yote: niliyemkana ni nani, na kuta alizijuaje. Nililia mpaka kamasi. Kanisa zima likakupigia makofi, Nyaga, hata wazee.

Lakini wewe hukuwepo, na ni wewe niliyekukosea. Nisamehe. Njoo Krismasi hii, usibebe chochote, usikague chochote. Njoo tutembee mtaa kwa mtaa, kila atakayeniuliza huyu ni nani nimjibu.

Mimi, dada yako wa tumbo moja,
Wawira