Honi ni Hodi

Baba, shikamoo.

Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kusema na wewe kama nasema na rika langu. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya boneti ya pikapu yako. Nimejaribu kukaa, nimeshindwa. Tangu juzi nikikaa nainuka, nikishika spana naiweka, mpaka wenzangu hapa gereji wananiuliza kama nimeingiwa na siafu. Acha nikuambie yote, labda mikono itatulia.

Kwanza, gari limepona. Ubavu ulioingia ndani siku ile nimeunyoosha kwa nyundo mimi mwenyewe, na rejeta nimeitoa kwenye gari bovu, maana hapa Moshi vipuri siku hizi tunavisikia kwa jina tu. Na honi yako niliing'oa. Usikasirike kabla hujanisikiliza.

Unajua kwa nini niliing'oa. Ile Jumapili nilipopanda Kilema kumwona mke wangu Felista na mtoto wetu, ambao mpaka leo wako kwenu kwa uzazi, ulipiga honi pale Kona ya Mfongo, mfereji unapokata barabara chini kidogo ya nyumba. Ikatoa sauti ya mbuzi aliyefungwa mdomo. Nikakuambia, "Baba, honi imekauka. Nitaitazama Jumamosi." Mimi, fundi umeme wa magari! Wewe ukasema, "Iache, inatosha. Honi ni hodi, si matusi." Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwenye mpira. Ya pili nilikunywa mbege. Ya tatu hata sikumbuki nilifanya nini, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Kabla ya nne lori la mbao lilikuwa linashuka, wewe unapanda, mkakutana pale pale konani. Dereva wake alilia msibani akiapa kwamba hakusikia honi. Nilitaka kumpiga ngumi, kisha nikakumbuka kwamba ni kweli, asingeweza kusikia.

Basi nikatafuta honi ya upepo, mabomba mawili marefu yaliyotoka kwenye basi lililokufa. Nikaifunga na kompresa yake na rilei yake. Nilisema moyoni, hatatokea tena mtu wa kuniambia hakusikia.

Siku ya kwanza nilipoipiga konani, Baba, Kilema nzima ilijua nimefika. Mama Anjela, jirani yetu, aliangusha mkungu wa ndizi mferejini, akanijia na mundu mkononi: "Hiyo ni honi au ni parapanda ya siku ya mwisho?" Balozi wa nyumba kumi naye akaja kwa adabu zake, akasema ng'ombe wa watu wanagoma kutoa maziwa. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia afadhali maziwa yagome kuliko... Sikumaliza. Jumamosi iliyofuata nikaipiga kwa muda mrefu zaidi, makusudi.

Lakini Mama. Ulikuwa ukipiga zako mbili fupi, Mama anatoka mpaka kwenye masale yaliyopandwa mpakani huku anajifuta mikono kwenye kanga, chai iko tayari. Yangu akiisikia anakimbilia nyuma zizini. Namkuta anakata majani ya ng'ombe ambayo yameshakatwa. Nilidhani ni kelele tu zinamsumbua, atazoea.

Kisha likaja isale. Nilitoka kunywa chai nikakuta juu ya boneti jani bichi la isale, limefungwa fundo, vile mtu anavyofanya akiomba msamaha. Nikajua tu ni Mama Anjela, amejirudi. Nikaenda kwake kifua mbele, nikamwambia, mama, nimekusamehe, yaishe. Lo! Alinitazama juu mpaka chini. "Mimi? Isale nikupe mimi? Wewe ndiye uniletee, na mkungu wangu wa ndizi juu yake!" Nilirudi na aibu yangu. Jumamosi iliyofuata jani jingine. Halafu la tatu. Nikasema basi ni yule dereva wa lori, nikayatupa yote chini ya mibuni. Isale halikataliwi, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, na mimi niliyatupa.

Juzi akaja mteja hapa gereji, gari lake halina honi na trafiki wamemchosha. Nikakumbuka yako iko rafuni. Nikaiunga kwenye betri kuijaribu, ikakohoa vile vile. Nikaichungulia mdomoni, nikaona rangi ya bluu. Nikavuta kwa koleo. Kitambaa, Baba. Kimesindiliwa kwa kidole gumba mpaka kikabana. Kipande cha kanga ya Felista, ile ya bluu aliyokuwa akimfunikia mtoto.

Honi yako ilikuwa nzima. Nilipokitoa kile kitambaa ililia mpaka gereji yote ikageuka kunitazama.

Nilipanda Kilema bila kupiga honi hata moja. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Alipoona nilichoshika, akakaa chini, hapo hapo kwenye maganda. "Nilimwambia mimi," alisema. "Mtoto alikuwa anashtuka. Nilikichana kwa mikono yangu, nikampa." Na wewe kuacha kupiga usingeweza, hukuwahi kuingia kihambani, kwenye shamba la nyumbani mwa mtu, bila hodi, hata mwako mwenyewe. Ukaona uizibe. Mtoto ulimwita Meku, mzee, kwa sababu amebeba jina lako, na ulimwambia Mama utakitoa kitambaa Meku akitimiza miezi mitatu. Siku ile ya lori zilikuwa zimebaki siku tisa.

Majani yalikuwa yake. Aliyaweka kwenye gari kwa sababu hakupata ujasiri wa kunitazama usoni. Kila honi yangu ilipolia yeye aliisikia ikimshtaki, "Mama, ni wewe, ni wewe," na mimi nabonyeza tu! Mama yangu mzazi ananiomba msamaha mara tatu, mimi natupa. Nilikimbia mpakani nikachuma isale, nikalifunga fundo, nikampa kwa mikono miwili, nikamwambia hili ni la zile Jumamosi zangu. Hakuwa anajua habari ya Jumamosi. Alilishika, akanivuta, tukalia mpaka Meku akaamka akawa anatushangaa.

Na wewe pia nina hasira nawe, niseme nisiseme? Kwa nini hukuniambia? Nilipokuambia honi imekauka, ungesema tu, "Meku amelala," ningeelewa. Ningekufungia swichi, uizime nyumbani uiwashe barabarani, kazi ya dakika chache. Ukaona haya, babu mzima, kuonekana umesalimu amri kwa mtoto wa miezi miwili. Nacheka, Baba, halafu nazunguka gari, halafu narudi kwenye karatasi.

Kesho ni Jumamosi. Hii siendi kwenye mpira. Ile kubwa itabaki kwa ajili ya kona, maana malori bado yanashuka, lakini nitaipiga mara moja tu, na Mama Anjela nitampelekea mkungu wake. Mteja nimemwambia atafute honi kwingine. Yako nimeisafisha, nairudisha mahali pake ikiwa na kifungo chake, kwa ajili ya nyumbani. Jani la tatu la Mama nililiokota chini ya mibuni, limekauka lakini fundo halijafunguka. Nitalileta kaburini pamoja na langu. Halikataliwi, kwa hiyo usinifanyie ubishi.

Pumzika, Baba yangu. Ukisikia mbili fupi kesho, ni mimi, napiga hodi kwako. Nakuahidi haitazibwa tena. Meku akiamka, tutambembeleza.