Mbuzi Mwenye Jicho Moja

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na yule mkorofi wako, jino limeshatoka? Mimi sijambo, ila nimechoka. Si ule uchovu wa kushindwa kuinua kichwa kitandani. Huu ni wa mtu aliyetoka kufagia banda, na una nafuu yake.

Uliuliza hapa kituoni wananitibu vipi ikiwa kila mara nakuandikia habari za mbuzi. Vidonge nameza, na jioni nakaa na mshauri. Lakini asubuhi kila mgonjwa ana mnyama wake. Mimi nilipewa mbuzi mweupe, chongo wa jicho la kulia, tunamwita Bi Mkubwa kwa kuwa hapendi kusubirishwa. Ukimkama huku roho iko juu, anabana maziwa, hupati hata tone. Mwanzoni nilikuwa nalia nimeegemea ubavu wake, naye anatafuna tu. Hakuniuliza kama nimekula wala kama nimelala. Mtunza mifugo, alipojua kwamba nyumbani mnaniita Profesa, alisema profesa gani huyu anafelishwa na mbuzi. Nilicheka, Dada. Niliisikia sauti yangu nikashangaa.

Sasa daktari anasema naweza kurudi nyumbani. Utaratibu wa hapa ni kwamba anayeondoka humfundisha mgeni mnyama wake, na haondoki mpaka mgeni akame mwenyewe. Mgeni wangu ni fundi cherehani, mama wa makamo ya mama yetu. Tangu amzike mumewe mikono inamtetemeka na maneno yamemkauka. Kila akimkaribia Bi Mkubwa anapigwa teke, ndoo inamwagika. Mtunza mifugo alishaanza kusema labda apewe kuku. Jana fundi alijikalia chini kwenye majani makavu, akanitamkia neno lake la kwanza: "Mwanangu, hata mbuzi ananikataa."

Hakukataliwa, Dada. Bi Mkubwa hukamwa kutokea kushoto, upande wa jicho linaloona, ajue ni nani anayekuja. Nilijua nikanyamaza. Mtunza mifugo alikuwa kwa ng'ombe wake, ameniamini. Nami nikamwacha mama wa watu aingie kulia, ili siku yangu ya kuondoka icheleweshwe.

Siwaogopi nyinyi. Naogopa mnavyonitazama. Visu mlivyovificha juu ya kabati, mlango wa bafu ulioondolewa komeo, mama kukohoa nje kila nikikawia ndani. Najua ni mapenzi. Ndani ya mapenzi hayo nilikuwa nakosa hewa.

Leo asubuhi nilimshika fundi mkono, nikamzungusha upande wa kushoto, nikamwomba radhi, nikamweleza yote. Akasema nisogee, namzibia mwanga. Maziwa yalitoka.

Kwa hiyo njoo unichukue Jumamosi. Ila kwanza uje tukae na mshauri, halafu uzungumze na mama. Nikizidiwa nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Hilo nimejifunza hapa. Naomba visu virudi kwenye droo. Nikifika nipeni vitunguu nikate, na nyinyi muendelee na mazungumzo yenu.

Mkandie mama mgongo kwa niaba yangu. Mkorofi mbusu shavu lenye jino.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa